Shingo ya Pacha

Siku ya Kugeuka ilipopambazuka, Pacha aliamka anaumwa shingo, na Somoe Likwawa akafanya kama alivyozoea. Alivuta kiti, akaketi mbele ya kioo cha kompyuta, akateremsha kitufe cha kutuliza taratibu kwenye mfereji wake mpaka mstari mwekundu wa maumivu ukalala. Kisha akamwambia pole, kama unavyomwambia mtu wa nyumbani ambaye ugonjwa wake umeshauzoea. Pacha akajibu asante. Siku zote alijibu asante. Ndiyo adabu aliyofunzwa, na aliyemfunza ni Somoe mwenyewe.

Mgeni angeingia chumbani mle angemtafuta mgonjwa asimwone. Pacha hakuwa mtu. Alikuwa mfano wa kompyuta wa mkongo, ule mkongo unaoning'inia kutoka kwenye kitovu cha mji unaoelea wa Nangamoja mpaka sakafu ya bahari, mnene kama paja la mtu mzima, umebeba ndani yake bomba la hewa, bomba la maji ya moto na nyaya za umeme. Chini kabisa uliingia kwenye majumba ya Bondeni, walikoishi mafundi wasiofika ishirini wakitunza maghala ya kumbukumbu za nchi, yaliyozamishwa huko ili yapoe. Hewa waliyovuta watu wale ilipita kwenye mkongo. Na mtu wa Bondeni hapandi juu kama anayepanda ngazi. Hupandishwa pole pole, siku baada ya siku, damu yake izoee, la sivyo anafika juu maiti. Mkongo ukikatika, hewa ya akiba haifiki hata nusu ya safari hiyo.

Zamani wahandisi waliuchunga mkongo kwa namba peke yake: umepinda kiasi gani hapa, umesokotwa kiasi gani pale, chuma chake kitachoka lini. Hesabu zilikuwa sahihi lakini nzito, na jibu lilikuja wimbi likiwa limeshapita. Ndipo likazuka wazo la kuazima mwili. Mwili wa binadamu haupigi hesabu ili kujua goti limekunjwa, unajua tu. Somoe, enzi hizo binti wa maabara kule Mtwara, akalazwa ndani ya mashine, wakanakili namna mwili wake unavyojijua, wakauvisha ule mfano wa mkongo. Sehemu ya juu kabisa, pale mkongo unapotoka kwenye kitovu, ikawa shingo. Ikafuata mgongo, kisha kiuno pale unapobonyea, goti pale unapogusa mchanga, na unyayo mwishoni. Tangu hapo mkondo wa maji ukiukunja mkongo, Pacha husema kiuno, na mafundi hukaza au hulegeza kabla mambo hayajaharibika.

Tatizo ni kwamba siku ile aliyolazwa kwenye mashine, Somoe alikuwa anaumwa shingo. Alikuwa amelalia mto wa hosteli mgumu kama gunia la mawe. Kwa hiyo Pacha alipoanza kulalamikia shingo, wakubwa walicheka, wakasema hiyo ni ya kurithi, vipimo havionyeshi kitu, mtulize. Hata yeye Somoe alicheka. Yakawa masihara ya mji mzima, na Chikawe, msimamizi wa Bondeni, kila asubuhi akipiga simu kutoka chini alianza na neno hilo hilo.

"Dada Somoe, shingo yetu imeamkaje?"

"Kama kawaida yake, kaka. Nimeshaituliza."

Chikawe alisema vizuri, wapikie watu wa juu pilau, wao huko chini watakula harufu. Akakata.

Somoe aliinuka aende kuvaa kanga ya sherehe. Alikuwa ameshafika mlangoni Pacha aliposema kitu ambacho hakuwahi kusema.

"Leo mtakapogeuka, naomba mimi msinigeuze."

Somoe alirudi akaketi. Alimuuliza kwa nini. Pacha akasema hajui kwa nini. Ametulizwa mno, hawezi kujua. Kilichobaki ni woga tu, na woga wenyewe hauna mahali unapouma.

Somoe alikitazama kitufe. Kilikuwa chini kabisa, kimegusa mwisho wa mfereji. Alijaribu kukumbuka mwaka ambao kilikuwa katikati. Baada ya kila Siku ya Kugeuka alikuwa akikishusha kidogo, unywele tu, na sasa hapakuwa na mahali pa kukishushia. Akapeleka mkono shingoni kwake mwenyewe, akaikanda. Haikumuuma. Haikuwa imemuuma tangu alipohama hosteli ile na ule mto wake. Maumivu ya kurithi yangekuwa yale yale ya siku ile, si zaidi. Haya yalikuwa yamekua.

Sasa hapo ndipo alipokwama. Ili kujua, ilibidi amwondolee Pacha dawa yote, maumivu ya miaka yamrudie kwa mpigo. Na sheria ya mji ilikataza. Iliandikwa kwa maneno machache: kinachoumia kisiachwe kiumie. Aliyeipigania kwenye baraza, akagombana na watu mpaka wakamwita mama wa mabomba, alikuwa Somoe huyu huyu. Angeweza kusubiri baraza likae. Lakini mji ulikuwa unageuka kabla ya jua la utosi.

Alimweleza Pacha yote bila kumficha. Nikikuondolea utaumia, alimwambia, na sijui utaumia kiasi gani. Unakubali?

"Sijui kama najua kukubali," Pacha alisema. "Ulinifundisha asante. Hukunifundisha hapana."

Lile jibu lilimpiga Somoe mahali. Miaka yote hiyo alikuwa akiichukua asante kama cheti cha wema wake, kumbe ndilo neno pekee alilompa mwenzake.

"Basi jifunze sasa hivi," alisema mwishowe. "Ukisema hapana, narudisha dawa papo hapo. Hata kama sijapata jibu. Hata kama nimebakiza neno moja."

"Ondoa," Pacha akasema.

Akakipandisha kitufe mpaka juu. Mstari mwekundu ulisimama ukajaza kioo. Kisha sauti ya Pacha ilikuja, ndogo, inayopima kila neno.

"Nimegeuza shingo kutazama nyuma, nikaambiwa natazama mbele. Nikageuzwa tena, nikaambiwa natazama mbele. Nimezunguka, Somoe. Nimezunguka kupita shingo inavyoweza. Na kila nikifika, mnasema sijaondoka."

"Mara ngapi?"

"Sijui kuhesabu kinachouma." Halafu, "Hapana."

Somoe alikibwaga kitufe chini. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakujua ni ya nini hasa, ya kumtesa Pacha au ya kusikia hapana yake ya kwanza.

Nje, kwenye uwanja wa kitovu, wanawake walikuwa wakipasha ngoma ya kugeuka. Aliwasikia kupitia dirishani: mguu wa kulia, zungusha, mguu wa kulia, zungusha. Aliusikiliza wimbo ule kama mtu anayeusikia kwa mara ya kwanza, naye alikuwa ameucheza miaka yote, mstari wa mbele.

Nangamoja ilishikwa na nanga moja tu katikati, na kuizunguka nanga hiyo mji mzima ulikuwa unageuka, nyumba, soko, msikiti, kanisa na shule, ili uso wake uelekee upepo. Upepo wa kusi ukija unageuka nusu mzunguko. Kaskazi ikija, nusu nyingine. Na kwa desturi Nangamoja iligeukia kulia. Kulia ndiko kwenye baraka, watu walisema. Hakuna aliyewahi kuugeuza mji kwa kushoto. Kule Mtwara, Somoe alipokuwa akimtunga Pacha, aliandika kwamba mji huenda nusu mzunguko na kisha hurudi njia ile ile. Nani mwenye akili zake angefanya vingine? Hakuandika kwamba huenda, na huenda tena, na haurudi kamwe.

Hilo lisingedhuru kitu kama bangili ingekuwa nzima. Bangili ni pete kubwa ya chuma kwenye kitovu: ya nje inazunguka na mji, ya ndani inabaki na mkongo. Lakini chumvi ilikuwa imeigandisha, mwaka gani Mungu ndiye ajuaye, na tangu hapo kila mji ulipogeuka uliuvuta mkongo shingoni. Kipimo cha bangili hakikuona neno, kwa sababu kilikuwa kama saa ya ukutani. Inakwambia ni saa tatu. Haikwambii ni saa tatu ya siku gani. Mzunguko ukitimia, kilirudi sifuri, kikatangaza kwamba shingo iko sawa.

Sokota mpira wa kumwagilia bustani, usokote sana, kisha ulegeze. Unajirukia wenyewe, unafanya kitanzi. Ukiuvuta, kitanzi kinakuwa mkunjo, na pale kwenye mkunjo hapapiti maji tena. Somoe hakuhitaji hesabu. Nusu mzunguko mwingine, wimbi moja la kuulegeza mkongo na jingine la kuukaza, na Bondeni wangekuwa wanapumua akiba.

Alitoka mbio na kanga yake ya nyumbani.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa. Kwenye jukwaa la usukani palikuwa na kiti kirefu chenye mto mwekundu, na nahodha Tawete, kanzu nyeupe juu ya suruali ya kazi, alikuwa anakikaribia akiwapungia watu mkono. Tawete alikuwa Mngoni wa milimani Songea, aliyejifunza kuogelea akiwa na mvi. Somoe alikuwa Mmwera. Wangoni na Wamwera ni watani tangu mababu zao walipochoka kupigana, na hawa wawili hawakuwahi kupishana bila kutukanana.

Somoe alijua akipiga kelele hapo, umati ule wenye ndugu Bondeni ungekanyagana. Akijipanga kueleza habari za bangili na sifuri, nahodha angemwambia subiri nimalize. Kwa hiyo alipanda jukwaani, akampita Tawete, akaketi kwenye kiti. Akakunja miguu juu ya mto, akatulia.

"Inuka, Mmwera," Tawete alisema. "Hicho si kigoda cha kubangulia korosho."

Watu wakacheka. Wengine wakamshangilia Somoe, wakamwambia asitoke mpaka apewe mbuzi.

"Sitoki," Somoe alisema. "Mmekuja kumzika ndugu yangu, na mimi mtani nimeshaingia kaburini."

Kicheko kilipungua kama maji yanayoingia mchangani. Kila mtu pale aliwahi kuona msiba umekwama kwa sababu mtani ameshuka kaburini akalala, na hakuna anayeruhusiwa kumtoa kwa nguvu mpaka asikilizwe. Ni mchezo, lakini huchezwa msibani tu. Tawete alikuwa mtu wa utani, hakuwa mjinga. Alichuchumaa mbele ya kiti, akasogeza sikio.

"Nani amekufa?" aliuliza chini chini.

"Bado hajafa mtu. Tukigeuka kulia leo, watu wa Bondeni."

Akamweleza. Tawete alisikiliza bila kumkata, akitazama kipimo cha bangili kilichowaka sifuri mbele yake, kijani na kizuri. Akasema, basi tusigeuke kabisa. Kisha akajijibu mwenyewe: kusi ilikuwa njiani, kufika jioni mawimbi yangeupiga mji ubavuni, na mji ukipigwa ubavu mkongo ungekatika kwa njia nyingine. Ilibidi wageuke. Ilibidi wageukie kushoto, wausokotoe mkongo mizunguko yote uliyobeba. Na kule kuganda kwa bangili, kulikowaponza, ndiko kungewafaa, maana iliushika mkongo barabara, mji ukirudi na wenyewe utarudi.

"Mizunguko mingapi?" Tawete aliuliza.

"Hakuna ajuaye. Hatujui iliganda lini. Pacha ndiye atakayesikia shingo imefika."

"Bila dawa?"

"Akiwa na dawa hasikii."

Tawete alimtazama. Alikuwepo kwenye baraza siku Somoe aliyoipigania ile sheria. Hakulisema hilo, na Somoe alimshukuru kimoyomoyo.

Palibaki jambo la desturi. Bi Nambuta, kiongozi wa waimbaji, bibi mrefu mwenye ndonya ya fedha kwenye mdomo wa juu aliyoiacha kwa mapambo tu, aliitwa jukwaani, akaelezwa kwamba mji utazungushwa kushoto, tena si nusu, ni mpaka basi. Somoe alitegemea vita. Bibi alifikiri, kisha akaanza kutikisika mabega. Alikuwa anacheka.

"Mnajua kwa nini tunageukia kulia?" alisema. "Nahodha wa kwanza alikuwa mjomba wangu. Jicho la kushoto lilikuwa halioni. Alikuwa anageukia upande anaouona, maskini. Hizo baraka tumezitia sisi baadaye, wimbo ulikuwa haujajaa."

Tawete alijifuta uso kwa kiganja. Halafu naye akacheka, akaenda kuwasha mapangaboi yanayougeuza mji.

Wale wa Bondeni waliingia kwenye chumba cha akiba na kufunga milango. Chikawe alisema kwenye simu kwamba amebeba karata na mtu mmoja anayeiba, kwa hiyo hawana haraka. Somoe alirudi kwa Pacha. Alimwambia sasa tunakurudisha, njia uliyojia, na maumivu yatakuwepo mpaka mwisho, na neno lake bado lipo.

"Nalikumbuka," Pacha alisema.

Akakipandisha kitufe, akaacha kidole juu yake.

Mji ulianza kwenda kushoto. Vikombe viligongana makabatini, na jua likaingia kwenye dirisha ambalo halikuwahi kuingiwa na jua la asubuhi. Nje Bi Nambuta aliuanza wimbo ule ule, wanawake wakatanguliza mguu wa kushoto, wakagongana, wakacheka, wakaanza upya. Mzunguko wa kwanza ulipotimia, Pacha hakusema kitu, na mstari ulikuwa mwekundu vile vile. Somoe aliogopa kwamba alikuwa amekosea, kwamba alikuwa anamtesa bure. Walipokuwa katikati ya mzunguko uliofuata, Pacha alisema, "Kiuno," kwa sauti iliyovunjika. Msokoto ulikuwa umeshuka kutoka shingoni ukitafuta njia. Somoe alikishika kitufe.

"Nisimamishe?"

"Usisimame."

Hakusema hapana. Somoe alikaa akilisubiri lile neno kuliko alivyowahi kusubiri kitu maishani, na halikuja. Badala yake mstari ulishuka. Kidogo, kisha kidogo tena. Mji ulizunguka, waimbaji wakapokezana, watoto wakachoka kushangaa wakaenda kucheza, na kila nyumba zilipopita mbele ya jua Pacha alisema neno moja moja: mgongo umelegea, goti liko huru, unyayo nausikia. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu anayevuliwa mizigo mmoja mmoja, asiyejua hata yeye kwamba alibeba mingapi. Somoe aligundua kwamba mabega yake mwenyewe yameshuka, na kwamba amekuwa akivuta pumzi ndefu tangu muda mrefu.

Pepo za kwanza za kusi ziligusa dirisha. Kwenye simu Tawete aliuliza, je, atupie nusu mzunguko mwingine, kwa usalama?

"Hapana," Pacha alisema kabla Somoe hajafungua mdomo. Halikuwa lile la asubuhi. Lilisemwa kwa utulivu, kama mtu anayekataa chai kwa sababu ameshiba. "Natazama mbele."

Mapangaboi yakanyamaza. Kumbe bangili ilikuwa imeganda mji ukiwa umeelekea kusi, na sasa uso wa mji ulikuwa umesimama mbele ya kusi, sawasawa, bila deni la mzunguko hata mmoja. Wimbi la kwanza lilikuja, likapasuliwa kwenye pua ya mji, likapita pande zote mbili. Kwenye kioo mstari ulikuwa umelala chini kabisa, na kitufe kilikuwa juu kabisa. Havikuwahi kukaa hivyo pamoja. Uwanjani mtu alipiga kelele kwamba pilau imeungua, na watu wakaenda kuila hivyo hivyo.

Baraza lilikaa kesho yake, likaagiza bangili ing'olewe ikasafishwe, likaamua kuwa kuanzia sasa mji utakwenda kulia na kurudi kushoto. Ile sheria ya Somoe iliongezewa maneno aliyoyaomba yeye: kinachoumia kiulizwe kwanza. Bi Nambuta aliomba muda wa kutunga beti za mguu wa kushoto.

Asubuhi ya baada ya hapo Somoe alivuta kiti chake akakuta mkono wake umeenda wenyewe kwenye kitufe. Akaurudisha mapajani. Simu ya Bondeni ililia.

"Dada Somoe," Chikawe alianza, "shingo yetu imeamkaje?"

"Muulize mwenyewe. Yuko hapa."

Chikawe alikohoa, kama mtu aliyekutana na mkwe njiani akiwa hajajiandaa.

"Habari za asubuhi, ndugu Pacha."

"Njema," Pacha alisema. "Na nyinyi huko unyayoni, mmeamkaje?"